Jiko la Lameck

Felista wa Ikolo hakuwa mjinga, msije mkamcheka. Kinyakyusa alikuwa nacho chote. Kiswahili alijifunza sokoni Kyela mjini akiuza mchele, na Kiswahili cha sokoni hakikufundishi mambo ya ndoa.

Mwaka mzima alimsumbua mumewe Lameck amnunulie jiko la gesi, maana moshi wa kuni ulikuwa unammaliza macho. Basi siku alipowasikia watu wa mashine ya kukoboa wakimpongeza Lameck, eti kapata jiko kule Makwale, na Lameck anacheka kwa aibu, moyo ulimruka. Kumbe mume alikuwa anamsikia! Akajifanya hajui, asimharibie mambo.

Wee, alivyohangaika! Alimwita mdogo wake Kisa, wakang'oa mafiga, wakakandika ukuta upya, wakaandaa na pa kuweka mtungi. Felista anaimba, Kisa kimya. Alipomuuliza ana nini, Kisa akasema kichwa kinamgonga.

Kesho yake Felista alimwacha Kisa akimalizia ukuta, akaenda kuulizia mpira wa gesi dukani kwa Mwasiti, ambaye kwao ni pwani. Akamsimulia kwa furaha. Mwasiti akaacha kupima sukari, akataka aambiwe walivyosema, neno kwa neno. Kisha akamkalisha nyuma ya kaunta. Akamweleza kwamba jiko ni mahali pa moto, na mwanamume asiye na wa kumwashia moto huonekana hana nyumba. Ndiyo maana akioa watu husema kapata jiko.

"Lameck kaoa, mama Tuntufye. Mji mzima unajua."

Felista alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akauliza: na yeye aliyemwashia Lameck moto tangu hawana hata sufuria, alikuwa nani? Mwasiti akarudi kupima sukari yake.

Felista alirudi nyumbani. Kisa alikuwa bado anasugua ukuta.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Ulisikia kwa nani?"

Kisa aliangalia mikono yake yenye udongo. "Sikusikia kwa mtu. Siku ya harusi mimi ndiye niliyepika."

Felista alikaa chini pale pale, kwenye tope. Huyo Lameck, Felista angemtukana, angemshitaki kwa wazee wa kanisa, roho ingetulia. Lakini huyu wa tumbo moja naye, aliyeshinda naye akipaka ukuta huku anamsikia akiimba, angemshitaki kwa nani?