Santa Alikuwa Shuleni Tayari

Mwaka wa tisini na sita, jina la Akello Santa lilibandikwa kwenye madirisha mawili. Shule ya bweni ya Jinja ilimweka namba kumi na tisa kwenye orodha ya kusubiri. Shule ya bweni ya wasichana ya Mbale, upande wa Nabuyonga, ilimweka namba nne. Kumi na tisa ni namba ya kukufukuza kwa adabu. Lakini nne, mtu anaona mlango. Watoto wanne wa wakubwa wakipata nafasi Kampala, na wewe umeingia.

Baba yake, Ojok, alikuwa askari jela kwenye gereza moja la mashamba nje ya Jinja. Katika kota zao ukuta ulikuwa mmoja, bomba la maji moja, na sanduku la posta moja. Barua zote zilikuja kwa anwani ya gereza. Zilipita kwanza mezani kwa Afande Gidudu, mkuu wao, ndipo zikaitwa kwa majina kwenye paredi ya asubuhi. Mama mzazi akifa Gulu, afande amejua kabla ya mwana. Watu walishazoea. Ukikaa sana na ufunguo wa jela kiunoni, unasahau uko upande gani wa mlango.

Santa alisubiri Februari nzima. Kila paredi alisimama nyuma ya jiko la mama yake, akisikiliza majina. Barua ya Mbale haikuitwa. Mwezi wa tatu baba yake alimwambia, huku macho yake yako kwenye kiatu alichokuwa anapaka rangi: "Anza hapa kwanza, shule ya kutwa. Mwaka wa pili tutakuombea transfa. Shule haina miguu, haitoroki."

Akaanza. Kilomita sita kwenda, sita kurudi, darasa la wanafunzi mia moja na kumi na wawili, na mwalimu wa hesabu aliyekuja siku akikumbuka. Santa alisoma kama mfungwa anayechimba shimo la kutokea. Muhula wa kwanza akawa wa kwanza. Wa pili, wa kwanza. Wa tatu, wa kwanza tena. Wenzake walimwita Mbale, kwa kumtania, kwa sababu kila sentensi yake iliishia huko.

Mwaka ulipogeuka, Ojok alianza kuwa na sababu za kutokwenda Mbale. Mara zamu. Mara tumbo. Mara afande hajatoa ruhusa. Mwishowe mama yake Santa, Gorreti, ambaye si mwanamke wa maneno mengi, akamwambia mumewe mbele ya ugali: "Wewe usipokwenda, mimi nakwenda. Na nitavaa hiyo yunifomu yako."

Wakaenda, baba na binti. Ojok alivaa yunifomu, maana ofisi za nchi hii zinaheshimu nguo kabla ya mtu. Njia nzima alisugua vifungo vya yunifomu kwa kidole, na Santa alidhani baba yake anaogopa kunyimwa nafasi.

Mwalimu mkuu aliitwa Madam Ramula, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma ripoti tatu, moja baada ya nyingine, na uso wake ukalegea.

"Wa kwanza kati ya mia na zaidi. Na huko nasikia hata chaki mnagawana."

"Ndiyo, madam," alisema Santa.

"Mtoto kama huyu ndiye ninayemtafuta." Kisha akaliona jina. Akavua miwani, akaivaa tena. "Akello Santa. Una dada?"

"Hapana, madam. Nina kaka watatu."

"Namba yako ya mtihani wa darasa la saba unaikumbuka?"

Santa akaitaja yote bila kuvuta pumzi, kama mtu anavyotaja kijiji chake. Madam Ramula akafungua daftari kubwa la wanafunzi, akapitisha kidole, akafika mahali akasimama. Akageuza daftari lile waone wote.

"Namba hii, jina hili. Akello Santa yuko hapa. Yuko hapa mwaka mzima. Mtihani wa mwisho alikuwa wa hamsini na nane kati ya sitini."

Kabla ya kuona ajabu, Santa aliona aibu. Wa hamsini na nane. Alitaka kujitetea, kusema alikuwa mgonjwa, alikuwa na malaria siku ya mtihani. Kisha akili ikamrudia. Alimtazama baba yake. Ojok alikuwa anatazama ukuta.

"Mmoja wenu ni mwizi," alisema Madam. Akamwambia matroni aliyesimama mlangoni: "Niitie Akello wa mwaka wa pili. Mwambie baba yake amekuja."

Aliyeingia alikuwa anakimbia, uso umejaa furaha, sweta ya shule imeshonwa S. AKELLO kwa uzi mwekundu kifuani. Alikuwa Racheal, mtoto wa Afande Gidudu. Santa na Racheal walikuwa wameshindana kwenye foleni ya bomba tangu wajue kubeba jerikeni. Racheal alitegemea kumkuta baba yake mwenyewe. Alipomwona Ojok, furaha ilikwama, lakini malezi ni malezi. Akapiga magoti sakafuni kama alivyofundishwa kumwamkia jirani.

"Jambo, Baba Santa. Mama Santa hajambo?"

Ojok aliinama akatazama viatu vyake.

"Mtoto," alisema Madam Ramula polepole, "huyu ni nani yako?"

"Ni Baba..." Racheal akamwona Santa. "Ni baba yangu, madam."

"Na wewe ni nani?"

"Santa."

"Nimefundisha miaka ishirini na moja. Sijasikia mtoto akimwita baba yake mzazi Baba fulani, kama mke wa jirani. Na mimi mjinga nilikuwa najiuliza, Mwacholi gani huyu wa jina la Akello anayemtukana matroni kwa Kigisu safi cha hapa Mbale." Akamgeukia Ojok. "Sasa sema, bwana. Na usiniambie hujui."

Ojok alivua kofia. Akasema kama mtu anayetoa ripoti ya zamu.

"Barua ilikuja, madam. Februari. Afande aliniita ofisini, barua iko wazi mezani. Alisema wa kwake ameanguka, wa kwangu ana akili. Alisema mwenye akili anaweza kungoja, asiye na akili akingoja ataharibika. Wa kwake aende kwa hili jina, wa kwangu atakuja baadaye kwa transfa."

"Kwa jina gani?"

"Hilo hakusema."

"Na wewe ulijibu nini?"

"Ndiyo, afande."

Maneno mawili. Nchi hii imeendeshwa kwa maneno hayo mawili miaka mingi kuliko umri wa watoto wale, chini ya serikali moja hadi nyingine, na kila aliyeyasema ana nyumba ya serikali ya kuyatolea sababu.

"Nyumba ni ya gereza, madam," alisema Ojok. "Na watoto wangu wako wanne."

Santa hakulia. Alikuwa anahesabu paredi zile za Februari, moja moja, yeye nyuma ya jiko na baba yake mstarini, na baba anajua.

Madam Ramula alichukua karatasi, akaandika yote aliyoyasikia, akachora mstari chini, akaandika kando yake neno mzazi.

"Weka sahihi hapa, kwenye mzazi. Naipeleka mimi mwenyewe kwa ofisa elimu wa wilaya. Usipoweka, daftari linabaki lilivyo, na binti yako anarudi Jinja bila jina."

Ojok alishika kalamu. Aliishika muda mrefu. Kisha akaiweka mezani taratibu, kana kwamba ni yai.

"Madam, naomba kwanza nimuulize afande."

Hakuna aliyecheka. Matroni alishika mdomo. Santa alisogea mezani, akachukua kalamu ile, bado ina joto la mkono wa baba yake.

"Sahihi ya mtoto haina nguvu," Madam alimwonya.

"Aliyeibiwa ni mtoto," Santa alisema, akaandika jina lake, herufi kubwa, chini ya mstari.

Racheal alikuwa bado magotini, machozi yanadondoka kwenye sweta. Akanyoosha mkono, akaomba kalamu. Aliandika polepole, kama anayejaribu neno jipya: Nambozo Racheal.

Palipoandikwa mzazi pakabaki peupe.

"Itakwenda hivyo hivyo," alisema Madam, akaikunja. "Wilaya waulize wenyewe pengo hili ni la nani."

"Baba, wewe nenda kamuulize," alisema Santa. "Mimi sirudi."

Madam alimtazama, akamtazama matroni. "Tuna kitanda?"

Matroni alikuwa anafikiri. Racheal ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu.

"Kipo, madam. Kimeandikwa jina lake."