Sembula wa Kwenye Lifti

Sembula, shujaa wa hadithi za kwetu Tabora, aliinua lango la kijiji lililoangushwa, akalishikilia kwa mabega yake wavamizi wasiingie. Huyo ndiye niliyepewa na bibi yangu. Watoto wa jengo letu pale Scarborough, Kanada, niliwapa Sembula mwingine, na kosa ni langu.

Mwaka 2006, kila Jumamosi wazazi wakiwa kazini, watoto sita wa ghorofa ya tisa walishinda kwangu. Walikuwamo mjukuu wangu Clara, na Almina, mjukuu wa jirani yangu Mumtaz, Mhindi mzaliwa wa Tabora kama mimi. Habari za lango ziliwapigisha miayo. Ila nilipofika pale Sembula anapowakuta msibani watani zake Wazaramo na kuwauliza nani kawaruhusu kula na meno yao ya jembe, waligaagaa kwenye zulia. Nami nikichekewa sina breki. Kila Jumamosi nikaongeza kejeli, nikapunguza lango, mpaka lango likaisha. Nusu ya pili, watani wanapomjibu, wakamvua shuka na kuondoka na jogoo wake naye haruhusiwi kununa, niliiruka. Ilikuwa ndefu, na kwetu nani asiyejua kwamba mtani hujibu? Nilisahau kwamba hawa wamezaliwa kwenye theluji.

Siku moja Mumtaz akabisha hodi. Yeye ambaye huagiza chai kabla hajavua viatu, safari hii hakukaa.

"Dorotea, Sembula ni nani?"

Nikamwambia ni shujaa.

"Basi shujaa wako kamliza mjukuu wangu."

Kumbe Clara na wenzake walikuwa wakimbana Almina kwenye kona ya lifti, wakimsimanga meno kutoka ghorofa ya tisa mpaka chini. Mchezo wenyewe wameuita kumsembula mtu. Almina sasa hushuka kwa ngazi, peke yake. Nilitaka kumtania Mumtaz kwamba Wahindi wa Tabora ngazi zitawapunguza vitambi. Badala yake nikamwita Clara.

Clara nilimpeleka akaomba radhi, macho kwenye soksi. Kesho yake nikaenda mwenyewe na sahani ya vitumbua, nikamsimulia Almina hadithi nzima, na lango lake, na jogoo. Alisikiliza bila kucheka. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu ili nielewe:

"Bibi, mbona hukuyasema haya siku ile wanacheka?"

Nilimtazama Mumtaz anisaidie. Alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Almina hakurudi kwangu Jumamosi, wala lifti hakuipanda tena. Mwaka 2009 wakahamia Mississauga, kwenye nyumba isiyo na ghorofa nyingi. Neno lilibaki. Miaka inakwenda, wapangaji wanabadilika, na bado nawasikia watoto wasionijua wakitishiana kusembulana. Hata mmoja hajui kwamba Sembula alikuwa mtu.