Taa za Mizani ya Mama

Saketi ile niliichora mwenyewe, nikaichomelea mwenyewe, na ilikuwa safi. Nasema hivyo mapema kwa sababu kaka yangu, ambaye hata kubadilisha balbu huita fundi, alikuwa ameshatangaza dukani kwamba nachezea vioo.

Vioo vyenyewe vilikuwa taa nne za tarakimu, nilizozitoa kwenye mashine kuukuu ya kupimia iliyokuwa ikila vumbi stoo. Kila taa ni kichupa chenye gesi, na ndani yake mna nyaya zilizokunjwa kwa umbo la namba, sifuri hadi tisa, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Ukiupa waya mmoja umeme mkali, gesi inayouzunguka inawaka rangi ya chungwa, na namba inasimama pale imenona, ina mikunjo yake kama iliyoandikwa kwa mkono. Namba za namna hiyo Mama aliweza kuzisoma.

Duka letu ni la rangi za nyumba, na Mama ndiye aliyekuwa akikaa kwenye mizani, akitia rangi kidogo kidogo kwenye kopo mpaka ipatikane ile aliyoitaka mteja. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Mizani ilionyesha namba kwa vijiti vyekundu, na kati ya sita na nane tofauti ni kijiti kimoja tu. Siku moja aliona nane, au alidhani ameona, akamimina. Mteja akarudi amefura: sebule yake ukuta mmoja kijani, wa pili kijani kingine kabisa.

Kaka akamvua Mama aproni. "Umetufanyia kazi vya kutosha, Mama. Kaa nyumbani upumzike."

Mama hakugombana, na hilo ndilo lililonitia hofu. Huyu ni mwanamke anayegombana hata na redio. Alikaa nyumbani akipanga vikombe na kuvipangua, akaacha hata kuuliza habari za duka. Iliniuma sana. Halafu nikapandwa na hasira, na hasira yangu ina faida moja: hunipeleka kwenye meza ya kazi.

Nikamfuata kaka. "Nikimwekea namba anazoziona, atarudi?"

"Nitampima mwenyewe," akasema. "Akikosea hata mara moja, basi. Na wewe usinisumbue tena."

Kazi haikunitisha. Umeme wa mizani ni wa volti tano, na taa zile zinataka mia moja na sabini, za kukurusha mpaka ukutani. Nikaunda kipandisha volti, nikaupa kila waya transista yake ya kuufungulia njia na kuufungia. Kilichobaki ni rezista za kuubana mkondo, maana ukiuachia, taa inajila yenyewe. Taa za akiba sikuwa nazo. Nilikuwa nimeshazijaribu zote kwa mkondo kamili na kila namba iliwaka, basi nikaona nizihurumie. Nikaweka rezista kubwa kuliko kawaida ili ziwake kwa upole, zidumu.

Siku ya kupimwa Mama alikaa kwenye kiti chake bila aproni. Kaka akaweka kopo.

"Mia mbili kumi na nne," Mama akasema.

Kaka akaongeza rangi.

"Mia tatu na tisa. Wewe, usimwage, hiyo si supu."

Nikacheka kwa sauti. Kaka hakucheka. Akaongeza tena.

"Mia nne sitini na..." Mama akasogeza uso karibu na taa.

Nikachungulia. Kwenye taa ya mwisho uliwaka mkunjo wa chini peke yake. Juu kulikuwa giza. Ingeweza kuwa tatu, ingeweza kuwa tano.

"Na ngapi?" kaka akauliza.

"Sioni."

"Jaribu, Mama."

"Nijaribu nini? Nilishabahatisha mara moja, ukuta wa watu ukaharibika. Hii sioni. Mwiteni fundi."

Fundi nilikuwa pale pale, natamani sakafu inimeze. Lakini ugonjwa wenyewe niliujua mara tu nilipoutazama. Nikawaambia kwamba waya ukikaa miaka bila kuwashwa, unashika uchafu, na dawa yake ni mkondo wa kutosha kuuchoma uchafu huo. Mimi, kwa huruma zangu, nilikuwa nimeunyima. Nikazima umeme, nikang'oa rezista yangu ya upole, nikachomelea ya kiume. Nilipowasha, namba ilikuwa na mabaka. Tukanywa chai tukiitazama. Mabaka yakapungua, mwanga ukapanda mpaka juu, ikatimia.

"Mia nne sitini na tano," Mama akasema. "Kwa hiyo hii taa iliugua kwa kupumzishwa?"

"Ndiyo, Mama."

Swali aliniuliza mimi, lakini aliyekuwa akimtazama ni mwanawe wa kiume.

Kaka alikuna kichwa. Akaingia stoo, akarudi na aproni mkononi. "Ungebahatisha," akamwambia, "ningeyafunga haya mambo leo leo."

"Najua," Mama akasema, akamgeuzia mgongo amfunge kamba. "Kaza vizuri basi. Kuna mteja mlangoni."