Kikwembe ya Mwadi

Mutoto wangu Mwadi alikufa wakati Rachelle, binti yake, alikuwa na miaka mitatu. Mwadi alikuwa anaosha mawe ya mugodi mutoni, kule Mutoshi, na kila mara alipoinuka alipangusa mikono ku kikwembe yake, ile nguo aliyojifunga kiunoni. Kwetu, kilio ikiisha, tunafula nguo za marehemu, tunagawia dada zake. Ile moja mi sikuifula. Niliisahau chini ya kitanda na matope yake, na Rachelle alipokuwa mukubwa akaiokota, akaificha.

Sasa Rachelle anachora, tena anatengeneza sanamu. Mwaka huu balimupa sale nzima, ukumbi wa maonyesho, peke yake, hapa Kolwezi. Alichora bamama baoshaji ku magunia matupu ya kubebea mawe. Ku gunia la katikati, miguu ya mama mumoja ilikuwa rangi tu, lakini mugongo na mikono vilitoka inje, vya nyuzi za shaba. Yule mama alipaswa kuvaa kikwembe ya Mwadi, vile ilivyo.

“Kambo, usiiguse,” aliniambia; Kambo ni mi, muzazi wa mama yake. “Ile matope ni vidole vya mama.”

Nilisikia vizuri. Lakini niliwaza batu. Niliwaza Mama Tshiela wa ku kanisa, ambaye anapita akihesabu madoa ya nguo ku kamba za benzake. Batasema huyu muzee hakumaliza hata kilio ya mutoto wake. Rachelle alipoenda Fungurume kutafuta nyuzi, nikailoweka, nikaisugua, nikaipiga pasi ya makala.

Aliporudi akaikuta safi. Aliiinua mbele ya mwangaza, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akakaa chini karibu na mulango.

“Kambo, ni wewe uliisugua. Vidole vilikuwa fasi gani?”

Mi sikuwa nimeangalia vidole. Niliangalia uchafu tu. Lakini macho yake yalikuwa yananingoja, basi nikaweka mukono ku kiuno, upande wa kuume.

“Hapa. Vine, na kidole gumba pembeni.”

Alikoroga udongo mwekundu, akachovya mukono wake mwenyewe, akaukandamiza pale nilipoonyesha.

Siku ya kufungua, batu balijaa. Tata Ruffin, mwenye sale, alitembeza bageni. Mama Tshiela alinicheka kwamba viatu vyangu vitaniua kabla hotuba haijaisha. Rachelle akabaelezea yote: mama yake, muto, hata namna mi nilifula, na batu bakacheka kidogo.

“Lakini Kambo alikumbuka,” akasema. “Mama alikuwa anapangusia hapa.”

Akakamata mukono wangu, akauweka juu ya ile alama. Batu bakapiga makofi. Udongo ulikuwa umekauka, unakwaruza kidogo. Rachelle alikuwa ananiangalia kama mutoto anayengoja mutu amuhakikishie, na mi nikaitika na kichwa.