Mashuka Sita Kila Siku

Katika idara ya kufulia ya hospitali ile, msimamizi wa zamu ya asubuhi aliitwa Mama Hesabu, na mwenyewe alilipenda jina hilo ingawa alijifanya kulinunia. Mwanamke huyo hakuwa akikosea. Muulize mashuka mangapi yameingia mashine ya tatu tangu alfajiri, atakutajia bila kufungua daftari, kisha atakuuliza wewe unakula mshahara wa nini ikiwa hujui. Basi siku ya mtihani wa kupandishwa cheo alikaa dawati la mbele kabisa, penseli mbili zimechongwa, kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa hoja. Kila swali lilikuwa kisa cha mistari mitatu minne: mtu anatoa sababu zake, anafikia hitimisho, nawe unaulizwa kama hoja yake ina miguu ya kusimamia. Kwa miezi miwili Mama Hesabu alikuwa akijifunza jikoni, kitabu kimeegemezwa kwenye birika. Mwalimu wa masomo ya jioni aliwafundisha kuibana kila hoja: huyu anataka niamini nini, amenipa nini cha kuaminia, na lipi amelinyamazia? Hilo la mwisho, alisema, ndilo linalowaangusha watu wazima na akili zao. Na kuanguka safari hii hakukuwa na dawa, maana ukitimiza miaka arobaini na mitano hupokelewi tena kwenye mtihani ule, na Mama Hesabu alikuwa amebakiza wiki saba.

Maswali kumi na sita ya kwanza aliyapita kama anakunja foronya. La kumi na saba likasema hivi:

"Katika mgahawa mmoja, kila siku wateja wanapolalamika kwamba chumvi imezidi, mpishi wa pili huwa kazini. Siku zake za mapumziko hakuna anayelalamika. Kwa hiyo mpishi wa pili ndiye anayezidisha chumvi. Lipi kati ya haya, likiwa kweli, linaidhoofisha zaidi hoja hii?"

Jibu lilikuwa C: mpishi mkuu na mpishi wa pili hufanya kazi siku zile zile na hupumzika siku zile zile. Mama Hesabu alitabasamu. Hata akamdharau kidogo huyo aliyeandika hoja. Yaani mtu mzima unamtia mwenzio hatiani kwa ratiba ya zamu, wala hujiulizi nani mwingine alikuwepo? Akaanza kukijaza kiduara cha C, na penseli ikasimama katikati.

Lahaula! Hoja ile alikuwa ameiandika yeye.

Haikuwa ya chumvi, ilikuwa ya mashuka. Kwa miezi miwili daftari la stoo lilikuwa likionyesha upungufu, na wiki iliyopita Mama Hesabu aliandika taarifa kwa mkono wake, akaisoma mbele ya wafanyakazi wote: "Kila siku mashuka yanapopungua, mfungaji mizigo huwa kazini. Siku zake za mapumziko halipungui hata moja. Kwa hiyo mfungaji mizigo ndiye anayeyaiba." Mwishoni akaongeza, kwa kunogesha, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Na mfungaji mizigo alikuwa nani? Wifi yake! Mdogo wa mume wake, dada mpole aliyeishi chumba cha nyuma nyumbani kwao, ambaye kazini walimwita Kimya kwa sababu angeweza kumaliza zamu nzima kwa maneno kumi, na manne kati ya hayo yakawa salamu. Mama Hesabu ndiye aliyemtafutia kazi ile. Ndiyo maana taarifa aliiandika mwenyewe, watu wasije wakasema anafunika maovu ya ndugu. Mume wake alimwambia, "Huyo ni dada yangu." Naye akajibu, "Hesabu hazina dada." Tangu siku hiyo mume hakugusa chakula alichopika.

Shauri la Kimya lilikuwa leo, saa nne, ofisi ya utumishi. Akipatikana na hatia, kazi hana, na kutoka hapo ni polisi. Mama Hesabu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Alijikaza. Akajiambia tulia mama, jibu swali, uende la kumi na nane. Lakini akili ikishafundishwa kuchimba haikatazwi kirahisi. Nani mwingine alikuwa kazini siku hizo? Msimamizi na mfungaji mizigo wa zamu moja huingia pamoja na hupumzika pamoja. Basi ni mimi! Kwa hoja yangu mwenyewe mwizi ni mimi, na mimi sijaiba. Nyani haoni kundule, wamesema wahenga, lakini huyu alikuwa ameligeukia kundu lake katikati ya chumba cha mtihani.

Kama hakuna aliyeiba, mashuka yalikwenda wapi? Alichokinyamazia kilikuwa ni nini? Upungufu ulikuwa sita. Kila siku sita, si saba wala matano. Kwenye taarifa aliandika kwamba mwizi ni mjanja, huchukua kidogo kidogo. Sasa ile sita ikamkodolea macho. Hospitali ilikuwa na wodi sita. Kila wodi ilipelekewa mzigo mmoja wa mashuka safi kwa siku.

Miezi miwili nyuma toroli la idara lilivunjika gurudumu. Mama Hesabu akamwagiza Kimya abebe mizigo begani, mashuka ishirini kwa kila wodi, yakiwa yamefungwa ndani ya shuka jingine yasishike vumbi la korido. Kimya aliuliza, "Na hili la kufungia niliandike?" Naye akamjibu bila hata kugeuka, "La nini? Hilo ni vazi la mzigo. Litarudi." Siku ambazo wao wawili walipumzika, wodi zilituma watu wao na matoroli yao, na hakuna aliyefunga kitu.

Wala halikurudi hata moja. Nani wodini angerudisha shuka ambalo hakulitilia saini? Na yakishachafuka hayajulikani, kwa sababu mashuka machafu hupokelewa kwa kilo, hayahesabiwi. Yarabi toba! Wizi wote ule ulikuwa neno lake yeye.

Alisimama, kiti kikapiga kelele, watu wakainua vichwa.

"Mama, ukitoka hurudi," akasema msimamizi wa mtihani.

"Najua."

"Una maswali zaidi ya thelathini hujayagusa."

"Nimesema najua, baba yangu." Akaiacha karatasi pale pale, akavuka barabara kurudi hospitalini bila kutazama huku wala huku, mpaka dereva mmoja akamtukania ukoo.

Mkuu wa utumishi alikuwa mezani na faili limefunguliwa. Kimya alikaa mbele yake, begi amelipakata.

"Wewe si uko kwenye mtihani?" akauliza mkuu.

"Taarifa yangu si kweli. Hajaiba."

"Mama, umechelewa. Amekiri mwenyewe. Ametia saini sasa hivi."

Mama Hesabu aliichukua ile karatasi akaisoma mara mbili, na mara zote mbili ilisema jambo lile lile: mimi ndiye niliyechukua mashuka. Saini ilikuwa ya Kimya, ndogo, imejibanza pembeni.

"Hajachukua!" akapiga kelele. "Twendeni wodini. Twendeni sasa hivi!"

Wakaenda. Muuguzi wa wodi ya kwanza alisitasita, kisha akafungua kabati. Ndani mlikuwa na mashuka thelathini na tisa yasiyo kwenye daftari lolote, pembe zake bado zina mikunjo ya mafundo. "Tulidhani mmetuongezea," akasema muuguzi, macho chini. Mkuu wa utumishi hakungoja kuona wodi ya pili. Aliichana ile karatasi, akamwomba Kimya radhi, akaondoka akitikisa kichwa.

Wakabaki wawili kwenye korido. Mama Hesabu alimshika mwenzake mkono, na ule mkono ulikuwa wa baridi.

"Wifi, nisamehe. Lakini niambie, kwa nini ulitia saini kitu ambacho hukukifanya? Walikutisha?"

"Hawakunitisha." Kimya alitafuta maneno, maana hakuyazoea. "Uliposoma ile taarifa niliona ni kweli. Nikiwepo yanapotea, nisipokuwepo hayapotei. Nikasema labda nina ugonjwa, nachukua bila kujijua. Jana nimepekua begi langu mara tatu. Nikapekua na chini ya godoro."

"Mungu wangu! Ungesema tu hukuiba!"

"Na wewe hukosei, wifi. Kila mtu anajua hukosei."

Kimya alimtazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Hesabu zaidi.

"Lakini siku hizo zote na wewe ulikuwa zamu," Kimya akasema, kama mtu anayeuliza njia. "Begi lako ulilipekua?"

"Hapana," akasema Mama Hesabu. "Hata mara moja."