Mlango Uliofungwa kwa Seng'enge

Waceke alikuwa akisimulia vituko vya harusi aliyohudhuria kijijini Embulbul mlango wa treni ulipofunguka nyuma yake, akatoweka.

Hakupiga hata kelele. Soipan alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kunusa mafuta ya nywele zake. Aliuona uso ule ukicheka, halafu mahali pale pale akaona nyasi za mbuga zikikimbia. Upepo ukavamia behewa. Mtu mmoja akapiga mayowe, kisha wote. Soipan alirusha mkono ili amshike mwenzake, akaambulia hewa, na kitu kikamchana kiganja. Ulikuwa waya uliokatika, ukining'inia kwenye komeo la mlango. Waya wa seng'enge, kama ule unaozungushiwa kila shamba la Kisaju, kijiji alikozaliwa Soipan.

"Simamisheni! Kuna mtu ameanguka!"

Treni ilikwenda mbali kabla ya kusimama. Soipan aliruka chini akarudi mbio kando ya reli. Alimkuta Waceke amelala juu ya kokoto, macho wazi, akijaribu kuvuta sketi ifunike magoti. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao mguu wa mtu haugeukii.

"Mama Katoo," Waceke alimwuliza kwa sauti ndogo, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida, "ni nini imefanyika?"

Soipan alipiga magoti kando yake, akamvutia ile sketi.

Walikuwa majirani Kitengela, na kila asubuhi walipanda pamoja treni ya kwenda Nairobi. Waceke kwenye duka lake la kushona sare za shule, Soipan kwenye jiko la hospitali. Sasa Waceke alilazwa hospitali. Madaktari walijaribu kuuokoa mguu, wakashindwa, wakaukata juu ya goti.

Njuguna, mumewe, alikuwa kando ya kitanda redio ya wodini iliposema, kwa niaba ya kampuni ya treni, kwamba abiria huyo alikuwa akining'inia mlangoni licha ya kuonywa.

"Kuning'inia?" Njuguna alimgeukia Soipan. "Waceke? Huyu anayeogopa hata kupanda ngazi?"

Waceke alitazama dari. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, asiyafute.

Jumamosi Soipan alikwenda Kisaju. Ndugu yake mdogo, Leshan, alikuwa mhudumu katika treni ile ile. Alimkuta akinywesha mbuzi, akamwonyesha kiganja kilichochanika. Alitaka kumwuliza kama anajua lolote kuhusu waya ule. Leshan hakungoja swali.

"Ni mimi nilifunga hiyo waya," alisema.

Soipan alidhani hakusikia vizuri.

"Komeo iliharibika tangu mvua ianze. Nikaambia Musau, mkubwa wa karakana. Akasema behewa ikitolewa, watu watabaki stesheni na yeye ndiye ataulizwa. Akaniambia nifunge na chochote. Nilikuwa nakaa hapo kila siku nikiwaambia watu wasiegemee. Hiyo asubuhi nikapelekwa behewa ya mbele."

"Na mimi dadako nasimama hapo, Leshan! Hukuniambia kwa nini?"

Leshan aliendelea kumimina maji ingawa hori lilikuwa limejaa na kufurika.

Mama yao, Seleyian, alikuwa ametoka nyumbani akasikia yote. Alikuja taratibu, akamshika Soipan mkono.

"Huyu ndiye anaangalia hii boma," alisema. "Ukimtaja watamfunga. Na mguu ya yule mama hairudi."

"Yeyo! Mama yangu!"

"Nimesema."

Soipan aliondoka bila kunywa chai. 

Kikao cha uchunguzi kilifanyika Kajiado, katika ukumbi uliojaa watu. Musau alisimama akaeleza kwamba mlango ulikuwa mzima na ulikuwa umekaguliwa. Soipan alipoitwa, alikwenda mbele. Alisimulia alichokiona, akataja waya.

"Dada yetu alikuwa na mshtuko," Musau alisema kwa upole. "Mtu akishtuka huona mengi."

Mwenyekiti alimtazama Soipan. "Kama waya ulikuwepo, nani aliufunga?"

Leshan alikuwa amesimama nyuma, dirishani, ndani ya sare yake. Soipan alikuwa amemsihi aje. Hakujua kama angesema.

"Ndugu yangu," alisema. "Leshan. Tumbo moja."

Leshan alivua kofia yake.

"Ni kweli. Na aliyeniambia nifunge ni huyo hapo."

Watu wote walimgeukia Musau. Yeye hakumtazama Leshan. Alimtazama meneja wake aliyeketi safu ya mbele, na sura yake ikabadilika kama ya mtu aliyeachwa peke yake njiani.

"Hata mimi niliambiwa," alisema. "Tuliambiwa mabehewa yasitolewe. Milango kama hiyo iko mingi."

"Mingi? Hadi leo?" mwenyekiti aliuliza.

"Hadi leo asubuhi."

Wengi waliokuwa ukumbini walikuwa abiria wa treni ile. Mwanamke mmoja alijishika kifua. Njuguna, aliyekuwa amesimama, aliketi sakafuni.

Treni zilisimamishwa siku hiyo hiyo, milango yote ikaguliwe. Meneja na Musau walishtakiwa. Leshan hakufungwa, kwa kuwa alikubali kuwa shahidi, ila kazi ilikwisha. Kampuni ilifuta redioni maneno yake kwamba Waceke alikuwa akining'inia. Msomaji aliyapitia haraka haraka, akaingia kwenye habari za mpira. Seleyian hapokei simu za binti yake hadi sasa.

Soipan alimwambia Waceke ukweli wote kuhusu Leshan kwa kinywa chake mwenyewe, siku alipokuwa akijifunza kutembea kwa magongo uani kwake. Waceke alisimama, akapumua.

"Nilikuwa namsalimia kila asubuhi," alisema. "Mwambie atakuja kuniona. Lakini si sasa, Mama Katoo. Si sasa."