Elmina Ndani ya Aproni

Hadubini ilifika shuleni Jumanne ndani ya boksi la biskuti, na Mwalimu Bonareri akaichomeka kwenye kompyuta kabla chai ya saa nne haijapoa. Ilikuwa nene kama kidole gumba, yenye taa nyeupe mdomoni na waya mrefu nyuma. Darasa la sita waliangalia chumvi wakaona mawe ya mraba. Waliangalia ncha ya penseli wakaona mlima wa makaa. Jani la chai, ambalo kila mtoto wa Boito amelishika kabla hajajua kuandika, lilikuwa na vinywa vidogo upande wa chini, maelfu kwa maelfu, vyote vimefunguka kidogo kama vya watu waliolala.

Alhamisi Bonareri alileta aproni ya mama yake. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi turubai linavyofumwa, na nyumbani hakuwa na turubai jingine. Mama yake, Elmina, alikuwa mchumaji wa chai katika shamba la kampuni moja ng'ambo ya mto. Asubuhi moja ya Julai, miaka kumi na mmoja iliyopita, aliingia kwenye majani na kikapu mgongoni, ukungu ukashuka, na jioni ikapatikana aproni peke yake juu ya kichaka. Ofisi iliandika kwamba ametoroka kazi. Watu wa kwao Kisii wakaongeza mwanamume, na baada ya muda wakampa mpaka jina. Baba yake Bonareri, mzee Mochama, ambaye watoto wake humwita Tata, aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya namna alivyokuwa akisalimiwa.

Wanafunzi walipotoka kwenda kula, Bonareri alisogeza hadubini hadi kwenye pindo. Kati ya uzi na uzi kulikuwa na ukungu. Alizungusha kigurudumu, ukungu ukapungua, zikatokea safu za chai, na katikati ya safu mwanamke akichuma. Alirusha majani nyuma ya bega bila kuangalia, kama mtu anayefukuza nzi. Ndivyo mama yake alivyochuma.

Mwalimu Johana, wa hesabu, aliingia kutafuta chaki, akainama kwenye skrini.

"Huyo ni mama yako?"

"Ndiye."

"Anachuma safi," alisema Johana. Akapata chaki yake akaenda.

Bonareri alikaa akimtazama mpaka kengele ikalia. Kilichomuuma ni kwamba miaka hiyo yote aproni ilikuwa sandukuni, chini ya blanketi, na yeye alikuwa akilala mita mbili kutoka hapo. Akampigia baba yake simu.

Mochama alikuja alasiri, amevaa koti la heshima. Alipewa kiti, akakisogeza karibu na skrini.

"Amekonda," alisema.

Kisha akamwomba binti yake asogeze kitambaa kidogo kuelekea mfukoni, palipokuwa na doa la rangi ya kutu. Hapo kulikuwa na trekta ya kubeba majani ikirudi nyuma ndani ya ukungu. Elmina alikuwa ameinama kufunga kikapu, mgongo ameupa trekta. Baadaye walishuka dereva na nyapara mwenye koti la mvua la manjano. Wakasimama, wakatazamana. Wakambeba hadi kwenye mikaratusi, wakarudi kuchukua majembe. Mwisho nyapara alirudi peke yake, akatandaza aproni juu ya kichaka na kuilainisha kwa kiganja, kama mama anavyotandaza kitambaa cha meza wageni wakija.

Mochama aliangalia mpaka mwisho. Ndipo akaomba arudishwe kwenye pindo, ambako Elmina alikuwa bado anachuma.

"Kwa hivyo hakunitoroka."

"Hakukutoroka, Tata."

Jumatatu walikwenda ofisi ya shamba na aproni, hadubini na kompyuta. Afisa wa wafanyakazi, bwana Kipkemboi, alikuwa mtu mpole. Aliwapa viti, akawaagizia chai, akatazama kila kitu na kuomba sehemu ya trekta irudiwe. Trekta aliijua kwa namba zake, iliuzwa juzijuzi tu. Nyapara pia alimjua. Alistaafu vizuri, wakamchinjia mbuzi.

"Mimi sikatai, mzee," alisema. "Mama ni huyu na trekta ni yetu. Lakini sasa nitaandika aje mtu amekufa, na hapa mnanionyesha akiwa kazini?"

Mochama akauliza kama angalau wangeruhusiwa kuchimba pale kwenye mikaratusi. Kipkemboi akaeleza kwa upole kwamba miti ilikatwa, mizizi ikang'olewa, pakapandwa chai, na upande ule sasa mashine ndiyo inavuna, watu hawaingii. Mvua ilikuwa imeanza, akawasindikiza hadi getini na mwavuli wake. Baada ya wiki tatu ikaja barua. Ilisema kwamba Elmina alitoroka kazi, na akionekana aripoti ofisini na kitambulisho.

Bonareri aliisoma mara mbili, akaitia ndani ya daftari la maandalio ya masomo. Huko Kisii yule mwanamume aliendelea kutajwa, na sasa ilisemekana amemjengea nyumba ya mabati.

Mochama akawa anakuja shuleni kila Ijumaa madarasa yakiisha. Wanafunzi walizoea kumwachia kiti. Ijumaa moja aliona mke wake akijikunyata, akasema huko kuna baridi. Alichomoa uzi mwekundu kwenye sweta yake, akaulaza juu ya pindo. Kwenye skrini ulianguka mzito kama kamba, ukavuka safu tatu za chai.

Elmina aliacha kuchuma. Aliutazama uzi, kisha akainua uso na kutazama juu, na Mochama akanyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Akamwita kwa sauti ya chini, mara moja. Elmina aliuvuta uzi, akakata kipande kwa meno, akajizungushia shingoni mara mbili na kufunga fundo. Mochama akangoja kuona kama atatua kikapu. Lakini Elmina aliuweka sawa mkanda wa kikapu kwenye kipaji cha uso na kurudi kwenye safu, kwa maana kule alikokuwa king'ora cha kutoka kazini kilikuwa hakijalia.